Ufunguo Ulikuwa Songea

Mwezi Machi nilikabidhi ofisi niliyoisimamia kwa miaka 11. Mkurugenzi aliniomba niandike hati ya makabidhiano isiyozidi kurasa mbili, akanipa wiki moja ya kuiandika, nami nikaona wiki nzima ni nyingi mno kwa kurasa mbili. Wiki tatu baadaye hati ilikuwa imefika kurasa 41, na bado kijana aliyekuwa akipokea kazi alikuja mezani kwangu kila baada ya nusu saa, kalamu mkononi, akisema kwa adabu, "Samahani dada, hili sijaliona humu."

Ofisi yenyewe si kubwa. Ni kampuni ya washauri elekezi wa miradi ya maji na barabara, watu 34, ndani ya nyumba ya kupanga huko Mikocheni, Dar es Salaam, ambako sebule imegeuzwa mapokezi, chumba cha kulala cha mwenye nyumba kimekuwa ofisi ya mkurugenzi, na bafu lake, baada ya kung'olewa sinki, limekuwa stoo ya majalada. Mkataba wangu ulinitaja kuwa Meneja wa Ofisi. Wageni waliniita sekretari, mafundi waliniita mama mwenye ofisi, na wahandisi waliniita pale tu kitu kilipokwama. Sikuwahi kuudhika na jina lolote kati ya hayo, ila niliona kwamba kila mtu alikuwa na picha yake ya kazi yangu, na hakuna picha iliyofanana na nyingine.

Nilisomea uhazili Tabora, katika chuo ambacho siku hizi ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, enzi ambazo matangazo ya kazi serikalini bado yalimtaka mwombaji awe amefaulu hatimkato, ule mwandiko wa haraka wa alama za mkato, ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika moja. Hatimkato yangu imekufa siku nyingi. Kilichobaki ni somo la masijala, ambalo darasani tulilidharau kwa sababu halikuwa na mashine wala kasi. Katika masijala kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba ya folio kwa mfuatano, ili ikichomolewa pengo lionekane, na kila jalada linalotoka huandikwa limekwenda kwa nani na lini. Mwalimu wetu alikuwa akirudia kwamba mtunza kumbukumbu anaweza kuugua, kuhamishwa au kufa leo, na kesho asubuhi mtu asiyemfahamu kabisa akaingia na kulikuta jalada mahali pake. Nililiandika hilo daftarini kwa mwandiko wa kupendeza, nikapata alama nzuri, kisha nikaingia kazini na kufanya kinyume chake kwa miaka mingi.

Niliiweka ofisi kichwani. Namba ya mita ya Luku niliijua kama namba yangu ya simu. Nilijua fundi yupi wa viyoyozi anakuja siku anayosema, boza lipi huleta maji yasiyo na chumvi pale mabomba ya DAWASA yanapokauka, bima ya gari gani inakwisha lini, na mhandisi yupi akisema anahitaji gari saa mbili asubuhi maana yake ni saa tatu. Mtu akiniuliza jambo lolote nilimjibu papo hapo bila kufungua karatasi, naye akaenda zake ameridhika. Sitaficha kwamba nilifurahia. Kuna utamu fulani katika kuwa mtu ambaye bila yeye hakuna anayejua sukari ilipo, na utamu huo ndio uliotuponza.

Mwezi Agosti 2016 mama yangu aliugua ghafla Songea. Nilipanda basi alfajiri nikiwa na mkoba uleule niliotoka nao kazini jioni iliyotangulia, na ndani ya mkoba zilikuwamo funguo zote za ofisi kwenye pete moja. Niligundua tumeshapita Iringa. Nilimpigia simu mlinzi, tukakubaliana kwamba mlango mkubwa utafunguliwa kwa ufunguo wake, nikajisemea kwamba mengine yatasubiri, kwa kuwa akili yangu ilikuwa kwa mama.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, umeme wa Luku ulikwisha. Mita ilikuwa stoo, stoo ilikuwa imefungwa, na namba ya mita haikuandikwa popote. Jenereta lilikuwa na dizeli ya kutosha na lilikuwa zima, lakini ufunguo wa banda lake ulikuwa kwenye pete ileile. Nami nilikuwa wodini, simu imezimika chaji tangu usiku. Kama ni giza peke yake wangevumilia, wangefungua madirisha. Bahati mbaya kesho yake saa nne asubuhi ilikuwa mwisho wa kuwasilisha zabuni ambayo wahandisi wetu wawili walikuwa wameiandaa kwa wiki sita. Walikwenda kuichapisha steshenari ya jirani, kurasa zaidi ya mia mbili kwa nakala tatu, wakamaliza usiku. Asubuhi ndipo walipokumbuka kwamba nakala halisi za leseni ya biashara na hati ya uwakili zimo kwenye kabati la chuma, na ufunguo wa kabati ulikuwa Songea. Waliita fundi wa kuchomelea. Alipomaliza kulikata na gari likafika kule kunakopokelewa zabuni, ilikuwa saa nne na robo, sanduku limeshafungwa na bahasha za wengine zinafunguliwa.

Nilirudi baada ya siku tisa. Mkurugenzi aliniuliza habari za mgonjwa, nikamweleza, akasema Mungu ni mwema. Kisha akasema, "Lile kabati tumelikata. Tutanunua jingine." Hakuongeza neno. Nimewahi kukaripiwa kazini kwa mambo madogo zaidi ya hayo na nimesahau waliosema nini, lakini hilo la kabati sijalisahau.

Baada ya hapo nilianza kuitoa ofisi kichwani mwangu na kuiweka mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuikuta. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kwa kweli ya kujidhalilisha kidogo, maana kila kitu nilichokiandika kilikuwa kitu kimoja zaidi ambacho hawangelazimika kuniuliza. Kila ufunguo ulipata pacha wake na namba yake, ukatundikwa kwenye kisanduku ambacho mhasibu naye alikifungua. Namba za mita zilibandikwa ukutani mapokezi, na mhudumu wa ofisi akafundishwa kununua Luku na kuingiza zile tarakimu 20. Hilo lilitufaa sana mwaka 2024, TANESCO walipokuwa wakihuisha mita, kwa sababu siku ya kuingiza tarakimu za ziada mimi sikuwapo na hakuna aliyenipigia. Nilikaa nyumbani nikiiangalia simu.

Kilichonipa tabu zaidi kilikuwa kalenda. Asiyewahi kuendesha ofisi hudhani mwezi una siku 30 zinazofanana. Kwa meneja wa ofisi ya Tanzania mwezi una vilima na mabonde. Kodi ya mapato ya wafanyakazi, ile PAYE, pamoja na tozo ya kuendeleza ufundi stadi, mwisho wake ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Tarehe 7 Aprili ni Karume na tarehe 7 Julai ni Sabasaba, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka aliyengoja dakika ya mwisho huikuta dakika hiyo imeangukia sikukuu. Mimi nilijiwekea tarehe 5 na nikakataa kuijua nyingine. Tarehe 20 kuna ritani za VAT. Katikati ya hizo kuna michango ya NSSF, asilimia 20 ya mshahara ikigawanywa kati ya mwajiri na mwajiriwa, kuna asilimia 15 ya wale wanaorejesha mikopo ya elimu ya juu, na kuna bima, leseni na ukaguzi wa vizima moto. Idi nayo hungoja mwezi uandame, kwa hiyo hujui kwa hakika kama kesho ni kazini au nyumbani mpaka usiku, na ni lazima mishahara iwe imeshaingia kwa sababu hakuna baba atakayekuelewa ukimwambia mfumo wa benki utafunguka baada ya sikukuu.

Hesabu hizo ni za mhasibu, wengine watasema, na ni kweli. Ila mhasibu hukokotoa anacholetewa. Mwaka 2023 tozo ya ufundi stadi iliposhushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, programu yetu ya mishahara iliendelea kukokotoa asilimia 4 kama jana, na aliyegundua ni mimi, wala si kwa ujuzi wa kodi. Nilikuwa na mazoea ya kukaa na daftari kila Juni bajeti inaposomwa Dodoma na kuandika kila kinachogusa mwajiri, kisha Julai nikapitia karatasi ya mishahara mstari kwa mstari kuangalia kama kilichosemwa kimefika. Kazi hii imejaa vitu vya namna hiyo, visivyo vya mtu, na kitu kisicho cha mtu huangukia meza ya meneja wa ofisi.

Hapo ndipo naingia kwa mwenye nyumba. Ni mzee mstaafu, mstaarabu, anayekuja mara mbili kwa mwaka baada ya kulipwa kodi ya miezi sita. Mwaka wangu wa kwanza alikuja ameshika taarifa ya benki, akakaa, akanywa chai yote kwanza, ndipo akasema, "Binti yangu, kodi yangu imepungua." Pango lilikuwa shilingi milioni 3 kwa mwezi, jumla milioni 18, na benki ilionyesha 16,200,000. Nilimweleza kwamba sheria inamtaka mpangaji kama sisi azuie asilimia 10 na kuipeleka TRA kwa niaba yake, na kwamba ile 1,800,000 ni kodi ya zuio. Akauliza, kodi ya nani? Nikasema, kodi yako, kutoka kwenye kodi yako. Alinitazama kwa muda. Lugha yetu imetupa neno moja kwa pango na kwa ushuru wa serikali, na siku hiyo neno hilo lilikuwa likituzungusha sote wawili kama watoto. Tuliokolewa na karatasi: nilimpa hati ya kodi ya zuio yenye jina lake na kiasi, nikamwambia aitunze. Tangu siku hiyo kila malipo yalipofanyika nilimpelekea hati kabla hajauliza, na yeye aliacha kuja na taarifa ya benki, akawa anakuja na maembe.

Kuhusu shajala, yaani karatasi na vifaa vya kuandikia, na masurufu, yaani fedha anazopewa mtu kwa matumizi ya kazi, sina mengi. Rimu moja ina karatasi 500, na ofisi yetu ilimaliza rimu moja kwa siku, mbili msimu wa zabuni. Anayetaka kujua kama kuna mtoto wa mtu anachapishiwa mitihani ya majaribio kazini ahesabu rimu za Oktoba. Masurufu yarejeshwe kwa stakabadhi za mashine ya EFD, na yule asiye na stakabadhi asaini mwenyewe kwamba hana, kwa mwandiko wake. Ajabu ni kwamba watu wengi wako tayari kupoteza risiti, lakini si wengi walio tayari kuandika sentensi nzima ya uongo na kuiwekea sahihi.

Kitabu cha wageni kiliniumiza kichwa kuliko fedha. Kwa miaka yote kila mgeni aliandika jina, namba ya simu na anakotoka, na kila mgeni aliyefuata akayasoma ya waliomtangulia akiwa anasubiri. Ilipokuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nilikiondoa mezani na kuweka karatasi moja moja zinazoingia kwenye sanduku. Mlinzi, mzee wa miaka mingi getini, alilalamika kwamba amenyang'anywa gazeti lake. Nilicheka, lakini nilimwelewa.

Hakuna tangazo la kazi ya meneja wa ofisi nililowahi kuliona likataja misiba, na sidhani kama kuna sehemu ya kazi hii inayohitaji akili zaidi. Simu ikilia alfajiri, mimi ndiye niliyejua nani awapigie wenzake, gari lipi litabeba watu kwenda msibani, rambirambi ya ofisi ni kiasi gani na ataikabidhi nani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 4 zenye malipo mtoto wake anapougua au kufariki, au anapofiwa na mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye. Ukienda kuzika Bukoba kwa basi, mbili kati ya hizo zimeliwa na barabara. Tena orodha hiyo haimtaji baba mdogo. Fundi wetu mchoraji alilelewa na baba yake mdogo tangu akiwa na miaka miwili, akasomeshwa naye, akamwita baba na hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Alipofariki, kijana alikuja na fomu ya likizo, kwenye mstari wa uhusiano ameandika "baba mdogo", ameyafuta maneno kwa wino mweupe, kisha ameyaandika tena juu yake. Aliona aibu kudanganya, na aliona uchungu kusema kweli.

Nilichukua fomu nikaandika siku 7, nne kwa kifungu na tatu kutoka kwenye likizo yake ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28, nikaisaini kabla sijamwonyesha mkurugenzi. Kisha niliandika nusu ukurasa wa utaratibu: mzazi kwa madhumuni ya ofisi hii ni pamoja na aliyemlea mfanyakazi. Mkurugenzi aliusoma akaweka sahihi bila kuuliza. Nusu ukurasa huo uko kwenye hati ya makabidhiano, ukurasa wa 29, na nilimwambia kijana anayenirithi kwamba akikata chochote kingine katika kurasa 41, huo asiuguse.

Kuna mambo ambayo hayakukubali kuandikwa. Nilijaribu kueleza namna ya kujua kwamba mhandisi fulani ana shida nyumbani, nikaishia kuandika kwamba anaanza kuchelewa kurejesha gari, jambo ambalo ni kweli lakini halitoshi. Nilijaribu kueleza jinsi ya kumwambia mkurugenzi habari mbaya: usimwambie kabla ya chai, wala usimwambie mbele ya mhasibu. Nikafuta. Sehemu nyingine niliifuta kwa sababu ya heshima, maana meneja wa ofisi hujua mishahara ya watu, magonjwa yao na madeni yao, na si kila anachokijua ni mali ya ofisi ya kukabidhiwa.

Kijana alisoma kurasa zote. Nilimwona akiweka alama za kuuliza pembeni kwa penseli, na nikakubali moyoni kwamba baadhi ya taratibu zangu zilikuwa tabia zangu tu. Aliniuliza kwa nini wino wa printa unaagizwa duka la Kariakoo wakati lipo jingine hatua mia mbili kutoka getini kwetu, na nilipotafuta sababu nikakuta iliyokuwapo ilikuwa ya mwaka 2014, duka la karibu lilikuwa bado halijafunguliwa. Aliuliza pia kwa nini zabuni za umma bado zina faili la nakala ngumu ilhali tangu mwaka 2023 zinapitia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni. Nilimwambia kwamba sasa badala ya ufunguo wa kabati kuna nywila, na nywila nayo inaweza kwenda Songea. Hakuelewa mzaha, ikabidi nimsimulie kisa kizima cha kabati. Alipokwisha kusikiliza aliandika kitu kwenye daftari lake, na kesho yake nikakuta amemwomba mkurugenzi ateue mtu wa pili wa kuuingia mfumo ule.

Siku ya mwisho tulikaa mapokezi na kisanduku cha funguo. Tulichukua mmoja mmoja, yeye akasoma namba, mimi nikataja mlango, mlinzi akaenda kuujaribu na kurudi, na mhasibu akaweka alama kwenye orodha. Na. 1 hadi 22 zilikwenda vizuri, ingawa Na. 9 ilihitaji kubembelezwa. Chini kabisa ulibaki mdogo, wa shaba, umechakaa meno. Kijana aliuinua. "Dada, na huu ni wa wapi?" Niliugeuzageuza. Tuliujaribu kwenye droo zote, kwenye kufuli la tangi la maji, kwenye banda la jenereta, hata kwenye bafu la zamani. Mzee mlinzi alisema ulikuwapo kabla yake, naye yuko hapo tangu nyumba ikiwa na watoto. Saa kumi na nusu jioni kijana alichukua kalamu, akaandika kwenye orodha: "Na. 23, mlango haujulikani." Akasaini yeye, nikasaini mimi.